Kuhukumu Hadithi Isiyokwisha

Je, ni haki kutoa hukumu juu ya jambo ambalo bado halijakwisha? Katika baraza la sheria jibu ni jepesi. Hakimu huwasikiliza mashahidi wa upande huu na wa upande ule, na kalamu yake haiandiki hukumu mpaka shahidi wa mwisho ameteremka kizimbani. Maisha, hata hivyo, ni machache sana katika kutupa nafasi kama hiyo. Twachagua marafiki kabla ya kuwajua, na twaanza safari kabla ya kuiona njia yote. Nataka kulitazama swali hili kwa mfano ambao vijana wengi waufahamu kuliko walimu wao, yaani hadithi za picha za Kijapani ziitwazo manga, ambazo hutolewa sura baada ya sura, juma baada ya juma.

Mtu asiudharau mfano huu kwa kuwa ni wa picha. Hadithi ya vipande ina nasaba ya heshima. Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836, na alipofariki mwaka 1870 aliiacha hadithi yake ya mwisho nusu, na wasomaji wake hawakupata kuujua mwisho wake.

Huko Japani jarida la Weekly Shonen Jump lilianzishwa mwaka 1968. Kila toleo huwa na hadithi nyingi pamoja, na kila hadithi hupewa kurasa 19 hivi. Jarida hilo lina desturi moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Msomaji hupewa kadi ya kutaja hadithi tatu zilizompendeza zaidi katika toleo lile, naye huirudisha kwa wahariri, ambao huhesabu kura. Hadithi mpya isiyopendwa haingojwi mpaka ikomae; aghalabu hukomeshwa ikiwa na sura 20 hivi.

Hapo msomaji amekuwa hakimu wa ajabu. Hukumu yake hutangulia ushahidi, na hukumu hiyo yaweza kuuua ushahidi wenyewe. Rufani haiwezekani, kwa kuwa zile sura ambazo zingemtetea mshitakiwa hazitachorwa kamwe.

Mwezi wa Septemba mwaka 2023 jarida hilo lilianza hadithi ya njozi na mapigano iitwayo Kagurabachi, iliyotungwa na Takeru Hokazono. Habari yenyewe ni hii: mhunzi mashuhuri, Kunishige, alifua panga sita za uchawi zilizokomesha vita. Baadaye wachawi walimwua na kuziiba panga zile, na mwanawe Chihiro, aliyesalia na upanga wa saba, akaondoka kutafuta kisasi. Sura ya kwanza ilipotoka, wasomaji wengi wa nchi za nje waliifanyia mzaha. Waliitangaza kuwa hadithi bora kupita zote zilizopata kutungwa, hali walikuwa wamesoma kurasa chache tu. Ilikuwa dhihaka iliyovaa joho la sifa. Wengine walisema kwamba hiki ni kisasi kama visasi vingine, na kwamba hakitadumu. Mwaka 2024 hadithi hiyo ilishika nafasi ya kwanza, miongoni mwa manga za kuchapishwa karatasini, katika tuzo ya Kijapani ambayo wasomaji huzipigia kura manga changa.

Sisemi kwamba wale wa kwanza walikosa kwa sababu matokeo yaliwaumbua. Kama hadithi ingalikufa katika sura ya ishirini, kosa lao lingalikuwa lile lile. Mtu aliyebahatisha akapata hana hekima kuliko aliyebahatisha akakosa.

Wazee husema nyota njema huonekana asubuhi. Naiheshimu methali hiyo, lakini nayaogopa matumizi yake. Katika vyumba vya madarasa nimeisikia ikitumiwa kama muhuri: mwanafunzi mgeni agugumia anaposoma mbele ya wenzake juma la kwanza, na papo hapo yuko mtu mzima wa kusema kwamba huyu hatafika. Methali yasema kwamba nyota njema huonekana asubuhi; haikusema kwamba isiyoonekana asubuhi si njema. Tofauti hiyo ni ndogo katika maneno, lakini ni kubwa katika maisha ya mtoto.

Yamkini msomaji mwenye akili kali atanipinga hapa. Atasema, "Muda ni wangu. Anayeonja mchuzi hana haja ya kuimaliza sufuria ili ajue kwamba chumvi imezidi." Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuikwepa. Ziko sura mbovu, na ni halali kusema kwamba ni mbovu. Hapana mtungaji anayetudai saa zetu kwa deni. Lakini mchuzi ni mmoja katika sufuria nzima. Tone moja ni shahidi wa yote. Hadithi sivyo ilivyo. Sura ya tano yaweza kuigeuza maana ya sura ya kwanza, na lile lililoonekana kosa likatambulikana kuwa mtego uliotegwa kwa makusudi. Kwa hiyo msomaji aweza kuihukumu sura, na aweza kuacha kusoma. Lakini akisema kwamba hadithi ni mbovu, amekitolea ushahidi kitu asichokiona.

Jambo lenyewe lazidi kuwa gumu kwa sababu hadithi ya vipande humsikia hakimu wake. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilipoanza mwaka 1984 ilikuwa safari ya kuchekesha ya kutafuta mipira saba. Kura zilipopungua, mtungaji na mhariri wake waliigeuza, wakamtia shujaa katika mashindano ya kupigana na kumfanya azidi nguvu siku kwa siku, na kwa sura hiyo mpya ikapendwa duniani kote. Je, ni nani basi aliyeitunga? Waliorudisha kadi walidhani wanapima, kumbe wanajenga. Mwenye kujua kwamba neno lake litaingia katika jengo hana budi kulichagua kama fundi achaguavyo jiwe, na si kulirusha kama mtoto.

Ziko hadithi ambazo hazipati mwisho kutoka kwa mikono iliyozianza. Kentaro Miura alianza Berserk mwaka 1989, akafariki mwezi wa Mei mwaka 2021, naye ana umri wa miaka 54. Rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alikuwa amemsimulia njia ya hadithi yote, aliiendeleza kuanzia mwaka 2022 pamoja na wasaidizi wa marehemu. Wako waliomfuata Miura kwa zaidi ya miaka thelathini. Ikiwa thamani ya hadithi imo katika mwisho wake tu, watu hao walipoteza umri wao. Lakini sijui hata mmoja wa wasomaji wa namna hiyo atakayekubali kwamba alipoteza. Walikuwa wamekwisha pokea mengi njiani.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu vijana wa hapa kwetu. Sura mpya za jarida hilo hutolewa bila malipo, kwa Kiingereza, katika programu iitwayo MANGA Plus, iliyoanzishwa na wachapishaji wenyewe mwezi wa Januari mwaka 2019. Kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki kwa kawaida huwa ni Jumapili, saa 12 jioni. Hata hivyo, siku kadhaa kabla yake huzagaa kurasa zilizoibwa, na mwenye shauku kubwa huzikimbilia. Kijana huyo aipenda hadithi kuliko wote, na siku ya Alhamisi amekwisha wasimulia wenzake nani amekufa. Jumapili jioni, wachapishaji wanapohesabu waliofungua sura ile, yeye hayumo.