Swali Gumu Huulizwa na Anayependa



Petro, katika barua yake ya kwanza (1:6-7), anaifananisha imani na dhahabu inayopimwa kwa moto. Sisi wa Lubumbashi tunaujua moto huo. Mji wetu ulianzishwa 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Jiwe la kijani hupendeza macho, lakini shaba iliyomo hujulikana tanuruni.

Wanahisabati nao wana moto wao. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa huko Virginia, Marekani, alikuwa akikokotoa namba tasa pacha, kama 11 na 13. Majibu ya kompyuta yake mpya yakakataa kulingana na ya zile za zamani. Alianza kwa kujishuku mwenyewe, akatafuta kwa miezi, hadi akalikuta kosa ndani ya kichakataji cha Pentium: migawanyo fulani kilikuwa kinaikosea. Hesabu za kila siku kilizifanya vizuri, na watu wengi walikuwa wamekwisha kukinunua. Intel, kampuni iliyokitengeneza, ilitenga dola milioni 475 kulipia kosa hilo.

Wengine huuwasha moto huo kwa makusudi. GMP, programu huria ya kukokotoa namba kubwa iliyoanza 1991, inabeba mgongoni programu za hisabati SageMath na PARI/GP, ambazo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) anaweza kuzichukua bila kulipa hata faranga. Ya chini ikikosea, za juu zote zinakosea nayo. Ndiyo maana imefungashwa pamoja na majaribio yake, na anayeiunda kwenye kompyuta yake anaombwa ayaendeshe kabla ya kuitumia. Majaribio hayo si mbili jumlisha mbili. Namba ndefu za kubahatisha huzidishwa, kisha hugawanywa, ionekane kama ile ya kwanza inarudi. Kuna hata sehemu maalumu ya kuzalisha namba zenye mfululizo mrefu wa sifuri na moja, kwa kuwa imeonekana kwamba namba za namna hiyo hufichua makosa zaidi. Anayeandika majaribio haya haichukii programu. (Kwetu angeitwa mkorofi.)

Sasa tazameni tunavyowaandaa vijana wa kipaimara. Katekista anauliza swali la kitabuni, kijana anatoa jibu la kitabuni, tunapiga makofi. Swali lenyewe huja baadaye, baba yake anapoachishwa kazi mgodini au mdogo wake anapozikwa, na hapo jibu la makofi halitoshi. Ayubu aliuliza maswali yaliyowaudhi rafiki zake. Mwishoni (42:7) Mungu aliwakasirikia wao, akamtetea Ayubu.

Makatekista, Jumamosi hii fungeni kitabu kwa nusu saa. Waacheni vijana waulize wanachoogopa kuuliza. Mkikosa jibu, waambieni hivyo wazi, kisha nileteeni swali hilo.