Nia Njema Peke Yake Haitoshi

Ndugu zetu Waislamu,

Sisi watu wa pwani twamjua kunguru. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Leo ameenea pwani nzima, na hula makinda ya ndege wengine. Aliyemleta alikusudia usafi. Je, nia hiyo yamtosha kuwa udhuru?

Natutazame Busia na Malaba. Pale mpakani watu na magari husimamishwa wakakaguliwa. Lakini mto Sio wateremka hadi Ziwa Viktoria bila ya kuulizwa, na ziwa halina mlango. Mwaka 1989 gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake, lilionekana ziwani upande wa Uganda. Haukupita muda likafika Kenya. Mvuvi wa Sio Port au Port Victoria hakulileta, lakini lizibapo njia, mashua yake ndiyo isiyotoka.

Kabla ya hapo alitiwa samaki mbuta, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ili mavuno yazidi. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alionya kwa maandishi, onyo halikufuatwa. Mbuta akawala fulu, na aina zao nyingi zikatoweka. Ni kweli amewapa wengi kazi na fedha, wala si insafu kulikana hilo. Lakini kilichotoweka hakirudishwi kwa fedha.

Je, basi kila kigeni ni kibaya? Hasha! Gugu lenyewe lilipigwa vita kwa fukusi waliotoka huko huko Amerika ya Kusini. Hao walijaribiwa kwanza, ikathibiti kuwa hawatadhuru mazao, ndipo wakaachiwa katika miaka ya 1990. Tofauti haikuwa ugeni, bali kuhakikisha.

Mafakihi wametufunza kuwa kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Nia njema humwepusha mtu na dhambi ya kukusudia uovu. Haimwondolei dhima ya kutouliza, wala ya kutosikia alipoonywa.

Wala tusidhani dhima hiyo ni ya wakubwa tu. Gugu lilipungua, kisha likarudi, kwani hulishwa na uchafu wa miji na mbolea za mashamba zimiminikazo majini. Asiyelileta huenda ndiye alilishaye. Basi kila mmoja wetu na ajiulize: maji yatokayo nyumbani kwangu yaenda kwa nani?

Wabillahi tawfiq.