Je, Kuharisha Ndiko Kupona?

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba anayemhurumia mgonjwa humpa kinachomfaa bila kungoja ruhusa. Lakini je, methali hii inamruhusu muuza dawa kunyamaza kuhusu madhara ya dawa yake?

Mwaka jana shangazi yangu, mkaazi wa Bwera, alinunua chai ya mitishamba ya Kichina ili apunguze unene. Maandishi yote ya pakiti yalikuwa ya Kichina. Siku ya pili akaanza kuharisha na kusokotwa na tumbo. Alipomrudia muuzaji aliambiwa, "Usiogope, mama. Uchafu unatoka. Dawa inafanya kazi." Akaendelea kunywa siku 5 zaidi, mpaka akashindwa kwenda shambani.

Chai nyingi za kupunguza unene huwa na majani ya sanamaki au mzizi uitwao dahuang, ambao Wachina wameutumia tangu kale kulainisha choo. Mimea hii huuchochea utumbo mpana usukume kwa haraka. Kinachopotea ni maji na chumvi za mwili, wala si mafuta. Mizani hushuka, lakini mtu akinywa maji hurudi palepale, na akiendelea kuharisha huishiwa nguvu.

Kosa la kimaadili liko wapi? Haliko katika Uchina wala katika mitishamba. Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kugundua dawa ya malaria katika mmea wa Kichina, na dawa za asili hiyo hutuponya hapa Kasese. Hizo nazo huweza kuleta kichefuchefu, ila karatasi iliyomo ndani ya pakiti inasema hivyo. Kosa ni kuyageuza madhara kuwa ushahidi wa kupona. Usipoharisha, utaambiwa uongeze. Ukiharisha, utaambiwa uendelee. Hapo hakuna dalili yoyote inayoweza kumwambia mgonjwa aache.

Muuzaji anaweza kujitetea kwamba hata yeye hakujua kilichomo. Basi na aseme kwamba hajui. Hilo nalo mgonjwa anastahili kulisikia kabla ya kutoa pesa yake, kwa sababu tumbo ni lake.

Turudi kwenye methali. Mgonjwa haulizwi uji kwa kuwa uji anaujua tangu utotoni. Dawa asiyoijua ni lazima aelezwe, kisha aulizwe.