Hukumu ya Fundi Mbele ya Roboti Iliyovunjika

Roboti ya mapigano inapotolewa uwanjani ikiwa imepondeka, wenyewe huulizana kwanza watairudisha vipi ilivyokuwa kabla ya pambano lijalo. Swali hilo ni la haki, ila ni pungufu. Kitu kilichovunjika kikirudishwa kama kilivyokuwa, hurudi pamoja na udhaifu uliokivunja. Naamini kutengeneza ni kutoa hukumu juu ya kilichotokea, na hukumu haiwezi kutolewa iwapo ushahidi umefutwa kabla haujasomwa.

Ushahidi wenyewe hausomeki kirahisi. Katika mashindano ya roboti ya BattleBots huko Marekani, pambano ni la dakika 3 na roboti haipaswi kuzidi pauni 250, karibu kilo 113. Silaha zinazoogopwa sana ni vyuma vinavyozunguka kwa kasi, na chuma cha namna hiyo kikimpiga mpinzani, nguvu ileile humrudia mpigaji. Kwa hiyo hata mshindi hutoka amepigwa, ingawa kwa nje aonekane mzima. Boliti iliyokatika si lazima iwe msiba, kwani pengine iliwekwa ikatike ili mota ipone. Plastiki nzito iliyochimbika imelimeza pigo, na hiyo ndiyo kazi yake. Kumbe ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe ya fremu, ambao mtazamaji hatauona, unaweza kuwa habari mbaya kuliko shimo kubwa ubavuni. Tena methali yetu ya kuziba ufa inataka uangalifu hapa. Chuma kigumu cha ngao kimepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Fundi akikichomelea, joto hukilainisha kando ya mshono, na pigo lijalo linaweza kupita papo hapo. Titani nayo, ikichomelewa pasipo argoni ya kuikinga na hewa, huwa rahisi kukatika. Ufa utakuwa umezibwa, na chuma kimedhoofika.

Wapo watakaosema kwamba maneno kama hukumu na ushahidi ni makubwa mno kwa mashine isiyo na roho, tena iliyoundwa ili ivunjwe. Ni kweli, roboti haidai kitu. Wanaodai ni watu wanaoizunguka. Betri ya lithiamu iliyobonyea inaweza kutulia kwa saa kadhaa kisha ikawaka, na atakayeungua huenda ni jirani wa meza ya pili ambaye hakuhusika na pambano lile. Mwaka 1995 huko San Francisco, roboti Blendo ya Jamie Hyneman ilirusha vipande vya wapinzani hadi nje ya uwanja, ikabidi iondolewe mashindanoni. Anayekagua mashine ya nguvu hizo kwa uzembe anahatarisha miili ya wengine. Uhaba wa muda, ambao ndio udhuru wa kawaida, unaruhusu kubadili kipande upesi; hauruhusu kujidanganya kwamba sababu imejulikana.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa wanafalsafa. Plutarch aliandika juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi watu wakabishana kama bado ni ileile. Nikisema kila tengenezo jema huibadilisha roboti, je, si nimeiua kidogo kidogo? Jibu naliona kwenye mizani. Kwa kuwa uzito una ukomo, timu iliyokwisha kuufikia haiwezi kuongeza kilo 2 za chuma mbele bila kuzitoa nyuma. Kila tengenezo linalazimisha uchaguzi: kipi kilindwe kwanza, silaha, magurudumu au betri? Kama uchaguzi huo umefanywa kwa kulijibu pigo linalojulikana, basi kila badiliko linatokana na lililolitangulia, na roboti ni ileile hata kama haikubakiwa na boliti moja ya zamani. Ambapo vipande vimebadilishwa pasipo mtu kujua vilivunjwa na nini, uzi huo umekatika, ijapokuwa rangi na jina ni vilevile.