Barua ya Yeremia na Kesi Zetu

 Tunawasalimu wote wa Nakivale, wa Base Camp, wa Rubondo na wa Juru, ninyi mliofika miaka mingi iliyopita na ninyi mliofika juzi mkiwa bado na vumbi la njia. 

Neno letu safari hii linatoka katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 28 na ya 29, pamoja na kipande cha sura ya 32. Tunaomba kila nyumba yenye Biblia izisome sura hizo na majirani wasio na Biblia kabla ya Jumapili. Ni sura zinazopendwa kwa mstari mmoja tu, ule wa 29:11, unaosema juu ya mawazo mema ya Mungu kwa watu wake. Mstari huo tunauona kwenye kalenda, kwenye sare za kwaya, hata kwenye pikipiki za boda. Mstari wa 10 unaoutangulia hakuna aliyeushona kwenye kitenge. Huo ndio unaotaja miaka 70.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi walichukuliwa mateka mpaka Babeli. Walioko kule na waliobaki Yerusalemu walikuwa na swali moja tu: lini? Akatokea nabii mmoja, jina lake Hanania, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema ni miaka miwili tu, watu watarudi na vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi. Akaivunja na nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili kila mtu aone kwa macho. Fikirini vigelegele vilivyopigwa siku ile! Yeremia mwenyewe alijibu Amina, maana naye alikuwa mtu wa nchi ile na alitamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakuwa amesema miaka miwili, na Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Baada ya hayo tunasoma habari ya barua. Ilichukuliwa na Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme Sedekia, nayo iliwaambia mateka wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuoza watoto wao, waitafute amani ya mji ule na kuuombea. Wapo walioichukia. Shemaya, aliyekuwa mateka Babeli kama wenzake, aliandika barua zake kwenda Yerusalemu akitaka Yeremia akamatwe na kutiwa katika mkatale, kwa kosa la kuwaambia watu kwamba kukaa kwao kutakuwa kwa muda mrefu. Kumbe tangu zamani mtu akisema ukweli juu ya muda wa kungoja, anayemshtaki ni mgeni mwenzake!

Sababu ya kuandika haya ni mambo yaliyotupata tangu mwaka wa 2025. Tarehe 27 Januari mwaka ule tulipata habari mbili kwa siku moja. Ya kwanza, M23 wameingia Goma. Ya pili, mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi umesimamishwa kuanzia siku hiyo, kwa amri iliyotiwa sahihi tarehe 20. Wengine hapa walilia mara mbili kabla ya jua kuzama, kwa ajili ya ndugu walioko Goma na kwa ajili ya safari. Mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Mwezi wa tano WFP ikawaondoa wakimbizi wapata milioni moja wa Uganda katika mgao, wakabaki wale waliohesabiwa kuwa dhaifu kuliko wote. Tulishapunguziwa mwaka wa 2020 na tena mwaka wa 2021, na mwaka wa 2023 tukagawanywa katika makundi matatu, kundi la tatu likaachwa bila kitu. Hii ya 2025 ilizidi zote.

Hatusemi kwamba waliongoja ndege walikuwa wajinga. Mwaka wa 2024 Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote katika wakimbizi waliopokelewa Marekani. Tuliwasindikiza wenyewe, tukawaimbia, na simu zao za kwanza kutoka kule tulizisikia. Mtu akiona jirani wa kushoto na wa kulia wameondoka, ana haki ya kufikiri kwamba zamu yake inakuja. Zamani zile kesi zilikwenda. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha watu 7,500 kwa dunia nzima, nacho ni kidogo kuliko vyote tangu mpango huo uanze mwaka wa 1980, na nafasi nyingi zikatengwa kwa ajili ya wazungu wa Afrika Kusini. Hiyo ndiyo hali. Kesi yako inaweza kuwa hai katika kompyuta, nasi tunaomba ifufuke, lakini mtoto wako ana miaka 9 leo.

Na hapa ndipo Hanania anapoingia. Wapo wahubiri wanaopita nyumba kwa nyumba na kwenye maombi ya usiku wakiahidi kwamba kesi fulani itafunguka kabla ya mwisho wa mwezi, mradi kuwe na sadaka ya kufungua milango. Mwenye kuku anatoa kuku. Mama wa kundi la kwanza anatoa pesa ya mgao aliyopokea jana. Mwezi ukiisha bila simu kutoka ofisini, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo, atoe tena. Wapendwa, wenye kuamua kesi hawapokei maelekezo kutoka kwa mhubiri yeyote, na Mungu hauzi viti vya ndege. Mtumishi akikuombea bure, sema Amina kama Yeremia alivyosema. Akitaja bei, mfungulie mlango atoke.

Jambo linalotuuma zaidi katika barua ile ni lile la kuoa na kuoza, na hapa tunaomba radhi kwa wazee ikiwa tutasema wazi. Tuna vijana katika makanisa yetu waliokaa pamoja miaka minne, mitano, wana watoto, na hawataki kufunga ndoa. Tukiwauliza sababu hawasemi mahari wala sherehe. Wanasema: Mchungaji, kwenye kesi ya wazazi wangu mimi ni mtoto asiyeoa, nikiandikisha mke kesi itarudi nyuma. Basi binti anaitwa dada wa nyumba siku ambayo maofisa wanakuja kuhesabu, na mtoto wake anaandikwa kwa bibi yake. Tujiulize binti huyo anasikia nini moyoni siku hiyo. Ameombwa ajifiche katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya watoto wake mwenyewe, kwa ajili ya ndege ambayo haijapangwa. Na mtoto aliyeandikwa kwa bibi, bibi akifa, karatasi itasema yeye ni wa nani?

Ushauri wa wazee wa kanisa ni huu. Oaneni. Mahari ya kambini iwe ya kambini. Baba wa binti anayedai ng'ombe watano hapa Nakivale, tutakwenda kumsalimia sisi wenyewe. Halafu nendeni mkaandikishe ndoa na watoto wenu kama walivyo. Kesi ikichelewa, ichelewe. Yeremia aliwaandikia mateka waoze watoto wao kulekule Babeli ili waongezeke wasipungue, na mwenye kuficha mke anapunguza.

Juu ya bustani hatuhitaji maneno mengi, kwa maana njaa imeshahubiri. Viwanja vyetu vingi ni mita 30 kwa 30, na nyumba, jiko na choo vimo humo humo. Hata hivyo mama mmoja wa Rubondo ana magunia sita ya udongo yaliyotobolewa pembeni, analima lengalenga na vitunguu kwa maji ya kuoshea vyombo, na msimu wa kiangazi watu wanakwenda kununua kwake. Muhogo unavumilia jua la huku kuliko mahindi, na majani yake ndiyo sombe yetu. Mvua za Septemba zisitukute tunatafuta mbegu. Mwenye mbegu ya maharage na asiye nayo wakutane mapema, na anayepokea leo arudishe kikombe kile kile baada ya mavuno. Tunataja na lile jambo la aibu: tangu makundi yatengwe, kuna majirani wanaopika usiku ili wa kundi la tatu wasione moshi. Hatulaumu mwenye chungu kidogo. Ila kikundi cha akiba cha akina mama kimeshaonyesha njia, kinaweka sahani ya unga kila wiki kwa nyumba mbili zisizo na mgao, na hakijafilisika.

Na kuiombea amani ya mji? Mji wetu ni huu. Wenyeji wa Isingiro wanatafuta maji yale yale tunayotafuta, na ng'ombe wao wakiingia katika mahindi yetu tunasahau kwamba sisi ndio tuliowakuta. Nakivale imepokea watu tangu miaka ya mwisho ya 1950, wakati Wanyarwanda walipokimbilia hapa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Walikaa zaidi ya miaka 30 kabla wengi wao hawajarudi kwao baada ya 1994. Walijenga, walilima, walisomesha. Jumapili tuwataje kwa maombi wenyeji, wenyeviti wa vijiji, na walimu wanaofundisha watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja. Na watoto wapelekwe shule. Tumechoka kusikia kwamba mtoto hasomi Kiingereza cha Uganda kwa sababu atakwenda kusoma cha Amerika.

Wako pia wasiongoja ndege. Wanangoja kurudi, na Hanania wao yuko redioni. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na wa Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani kule Washington, na watu hapa wakaanza kufunga mizigo kwa maneno. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakaenda Washington, wakatia sahihi zao. Haikuisha wiki, Uvira ikaingiwa, na maelfu wakavuka kukimbilia Burundi. Kanisani kwetu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanakaa benchi moja, kwa hiyo nani ana kosa hatutaliandika hapa. Tunasema tu kwamba sahihi ya wakubwa tuiitikie Amina, halafu twende kupalilia.

Lakini msitusikie vibaya, kana kwamba tunawaambia msahau kwenu. Someni sura ya 32. Yerusalemu imezungukwa na majeshi, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, na wakati huo huo binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Shamba lililo mikononi mwa adui! Yeremia akalinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, akampa Baruku hati hizo azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Ni nabii yuleyule aliyewaambia walioko Babeli wapande bustani. Mkono mmoja ulipanda ugenini na mkono mwingine ulitunza hati za nyumbani, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapigana.

Watoto wetu waliozaliwa hapa wanajua jina la Masisi au Rutshuru au Fizi kama wanavyojua jina la Babeli. Hawajui mlima gani, mto gani, shamba la babu linapakana na la nani. Wazee wanaojua mipaka hiyo wanakufa mmoja mmoja, na mwaka jana tulizika watatu. Kwa hiyo wazee wa kanisa wameanza daftari. Kila familia inaandika kijiji ilikotoka, jina la aliyelima shamba lile mwanzo, mto au mti wa mpaka, jirani wa kila upande, na namna ya hati iliyopo, iwe ya serikali au neno la mtemi tu. Mashahidi wawili wanatia sahihi au kidole gumba. Nakala moja inabaki kwa familia, nyingine inakaa kwa katibu katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu ya mchwa.

Kazi hiyo inafanyika kila Jumamosi saa tisa mchana chini ya mti ulio nyuma ya kanisa. Wazee waje hata kama macho hayaoni vizuri, vijana wenye mwandiko mzuri watawaandikia. Anayeweza alete kalamu ya wino mweusi. Ya buluu inafifia. Daftari mbili za kwanza zimeshajaa.