Fungasheni Matari

Wanawake wa Eastlands, wanawake wa Jericho, sikieni! Wanawake wa Jerusalem, wa Bahati, wa Kaloleni na Shauri Moyo, nanyi wa Kayole, Dandora na Umoja mnaodamka usiku wa manane kukinga maji kabla mfereji haujakauka, sikieni! Nina neno kwenu leo, na sitalinong'ona.

Israeli ilipotoka Misri ilitoka mbio. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba unga haukupata nafasi ya kuumuka. Watu waliubeba vivyo hivyo mabegani, umefungwa ndani ya nguo pamoja na vyombo vya kukandia, na hawakuandaa hata chakula cha njiani. Sasa ruka sura tatu mbele. Bahari imepasuka na kujifunga, farasi wa Farao wamezama, na Miriamu nabii, dada yake Haruni, ameshika tari mkononi. Wanawake wote wanamfuata kwa matari na kucheza. Niambieni, akina mama: hayo matari yalitoka wapi? Jangwani kuna soko la Gikomba?

Marabi wa Kiyahudi waliuliza swali hilo karne nyingi zilizopita, na jibu lao hunitetemesha kila nilisomapo. Walisema wanawake wale waliamini, wangali utumwani, kwamba Mungu atatenda muujiza, wakayafungasha matari mapema. Usiku ule kifo kilipokuwa kikipita mlango kwa mlango, mwanamke alikitazama chumba chake, akajiuliza abebe nini na aache nini, akabeba tari. Mkate ulikuwa bado. Wimbo ulikuwa tayari!

Wewe, mama yangu, umefungasha nini? Nawasikia mkisema: nitaimba mwanangu akipata kazi. Nitaimba nikimaliza mkopo. Nitaimba landilodi akiacha kunipigia simu. Hiyo ni imani ya kungoja ng'ambo! Mungu akikuvusha kesho asubuhi utasimama ufukweni na mikono mitupu, ukimtafuta jirani akuazime kayamba.

Tena mwangalieni Miriamu huyo mpaka mwisho wake. Kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini, kinasema alifariki Kadeshi akazikwa huko. Mstari unaofuata unasema watu hawakuwa na maji. Wayahudi wakaelewa kwamba kisima kilikuwa kikiwafuata jangwani kwa ajili ya mwanamke huyu, na alipoondoka kikaondoka. Tangu miaka ya 1980, wanawake wengi wa Kiyahudi wamezoea kuweka mezani usiku wa Pasaka kikombe cha maji matupu, kikombe cha Miriamu, kando ya kile cha divai wanachomwekea Eliya. Maji matupu! Nani anayajua maji kuliko mwanamke wa Eastlands? Nani anayejua uzito wa mtungi wa lita ishirini ukiupandisha ghorofa ya tano Pipeline? Lakini nani amewahi kumwambia mwanamke huyo kwamba mtungi wake una simulizi takatifu, kwamba nyumba nzima hunywa kwa ajili yake? Mwambieni! Mwambieni akiwa hai, msingoje tanzia na maturubai.

Twende Shilo kwa Hana, mke wa Elkana. Alikuja hekaluni na uchungu wake, akaomba midomo ikitikisika na sauti isisikike, na kuhani Eli akadhani amelewa. Mara ngapi mama wa mtaani amedhaniwa vibaya na mtu aliyeketi kwenye kiti cha mbele? Ila sikieni yaliyofuata. Katika Talmudi, mwalimu mkubwa aitwaye Rav Hamnuna anashangaa ni sheria ngapi za sala zinazotoka kwa mwanamke huyu mmoja. Mpaka leo sala kuu ya Kiyahudi husemwa kwa midomo, polepole, na wanaume wenye ndevu nyeupe huisema jinsi alivyoisema Hana. Wamemfanya mwalimu wao! (Na wenye kesha za spika nne zinazotazama madirisha ya majirani saa nane za usiku wamtafakari Hana kidogo. Mungu wake alisikia bila jenereta.)

Sasa nakuja penye moto. Haruni alipotaka dhahabu ya kumtengeneza ndama, masimulizi ya marabi yanasema wanawake walikataa. Hawakutoa pete zao wala herini. Kwa malipo yao Mungu aliwapa siku ya mwandamo wa mwezi iwe sikukuu yao, siku ya kupumzisha mikono. Lakini ilipojengwa Hema ya kukutania, wanawake haohao walisokota sufu na singa za mbuzi kwa mikono yao, wakatoa hata vioo vyao vya shaba likatengenezwa birika la kunawia makuhani. Walijua tofauti! Walijua lini mkono unamtolea Mungu na lini unamlisha ndama. Enyi wanawake wa Eastlands, ndama bado yuko! Anavaa suti inayometa, anawaambia mpande mbegu ya elfu kumi ili mvunjiwe laana, naye anawauzia mafuta kwa chupa na kupuliza baragumu la pembe ambalo hajui Wayahudi hulipiga lini wala kwa nini. Kataeni! Bakini na herini zenu. Mama aliyekataa kumlisha ndama hakupungukiwa imani, alituzwa mwezi.

Wala msiseme hayo ni ya mbali. Vukeni Malaba, pandeni mpaka Mbale, fikeni kilima cha Nabugoye. Hapo wako Abayudaya, waliofuata njia ya Kiyahudi tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi waliiacha imani, waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilikombolewa kutoka kwa Amin tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ileile Pasaka ilikuwa ikiingia! Walichotoka nacho gizani ni nyimbo: Zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, kwa ngoma, sauti za wanawake na watoto zikipanda juu. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa Marekani na Smithsonian Folkways, zikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Watu waliokatazwa kuimba! Nikikuuliza nani aliutunza wimbo sinagogi likifungwa, utanijibu mwenyewe, kwa maana unajua ni nani hubembeleza watoto.

Wayahudi nao wana mabishano yao, sitawapamba. Wako wanaume wacha Mungu miongoni mwao wasiosikiliza mwanamke akiimba. Regina Jonas alipotawazwa rabi Ujerumani mwaka 1935, wengi waliona ni jambo lisilowezekana. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Na sisi tuna makanisa ambamo mama anaruhusiwa kuimba mpaka jasho limtiririke, kisha akiomba kusimulia Neno anaelekezwa jikoni. Ila wale wa Nineveh mnaowaona Jumapili wakipita mitaani kwa ngoma na bendera wana jambo la kutufundisha. Mwanzilishi wa African Israel Nineveh, Daudi Zakayo Kivuli, alipofariki mwaka 1974, mkewe Rebecca Jumba Kivuli alilishika kanisa lile akaliongoza hadi 1983. Kanisa halikuanguka.

Na wewe unayekaa Jericho, unamjua Rahabu? Alikuwa na nyumba ukutani na jina baya mjini. Akafunga kamba nyekundu dirishani, akawaingiza baba, mama na ndugu zake wote chini ya dari moja, wakaokoka. Wayahudi wanasimulia kwamba aliolewa na Yoshua mwenyewe, na katika uzao wake akatokea Hulda, nabii aliyekaa Yerusalemu katika mtaa wa pili, ambaye wakuu wa mfalme Yosia walimwendea kuuliza habari ya maneno ya kitabu kilichopatikana hekaluni. Kutoka Jericho mpaka Jerusalem! Nyinyi mnauvuka umbali huo kwa miguu mkienda sokoni. Binti yako anayekaa ngazini na simu ataujua ukoo huu kwa nani, kama si kwa kinywa chako?

Basi fanyeni hivi. Chama chenu kinakutana kila mwezi. Mwezi ukiandama, kabla daftari halijafunguliwa, msimamisheni shosho aliye mkubwa kuliko wote asimulie habari ya Miriamu, au Hana, au Rahabu, kwa lugha yoyote aliyonyonya nayo. Wasichana waketi mbele, si nyuma kwenye sufuria. Kisha tari lipigwe na kila mtu aimbe, hata yule ambaye hajalipa tangu Januari. Deni lake mtalijadili baadaye.