Ngazi za Mgeta Vuli Inapoingia

Mvua za vuli, yaani zile fupi za kati ya Oktoba na Desemba, zinapokaribia milima ya Uluguru, wakulima wa Mgeta hukata ngazi, ambazo ni matuta membamba yanayokingama mteremko, wakifukia magugu ndani yake ili yaoze na kurutubisha udongo, kisha hupanda kabichi, karoti na njegere. Ujuzi huu ni wa wenyeji wenyewe, nao unastahili heshima, hasa ikikumbukwa kwamba mwaka 1955 Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walipinga vikali matuta ya aina nyingine waliyolazimishwa kuyachimba na serikali ya kikoloni. Raha ya kilimo hiki haisubiri mavuno, kwani udongo uliolowa hunukia, na miche iliyohamishwa jioni ikiwa imenyong'onyea huonekana imesimama wima asubuhi. Msikilizaji mwenye nafasi nyuma ya nyumba, anayetaka kuionja raha hiyo, na aandae kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche, kabla mvua haijakolea.